FUNGU LA ALIYEBAKI NA MIZIGO

Somo la kujifunza katika jumuiya na vikundi vya parishi

Kwanza someni: 1 Samweli 30:1-25, Mambo ya Walawi 19:9-14, Ruthu 2, Marko 10:46-52, Matendo ya Mitume 6:1-7.



Katika somo hili twataka kujifunza habari ya kugawana mapato. Hatusemi juu ya sadaka, maana juu ya sadaka tumekwisha kufundishwa mara nyingi, na kila Jumapili kikapu hupita mbele yetu. Twasema juu ya fungu, yaani kile ambacho mwenzetu anastahili kupata kwa haki, hata kama mkono wake haukuwapo pale fedha ilipopatikana. Sadaka hutolewa na mwenye moyo wa huruma. Fungu hutolewa na kila mtu, mwenye huruma na asiye nayo, kwa sababu ni mali ya mwenyewe. Mkristo asiyejua tofauti ya mambo haya mawili aweza kumdhulumu jirani yake huku akidhani kwamba anamsaidia. Sisi twalijua jambo hili kwa kuwa tulilifanya wenyewe.

1. Karanga za langoni

Zamani, tulipokuwa tukifundisha katika chuo kimoja cha ualimu, alikuwako mzee mmoja asiyeona ambaye aliuza vitu vidogo vidogo penye lango la chuo. Alikuwa na meza, na juu yake karanga zilizofungwa katika karatasi, ndizi mbivu, pipi, na viberiti. Sarafu alizitambua kwa ncha za vidole, na noti kwa kuzipima urefu wake. Wanachuo walimpenda, wala hatukusikia hata mara moja kwamba mtu amempunja. Kwa meza ile alisomesha watoto wake.

Basi sisi walimu tukashauriana kufungua duka dogo ndani ya chuo. Nia yetu ilikuwa njema. Tulikuwa na mfuko wetu wa chai na wa rambirambi, na mfuko huo ulikuwa mtupu siku zote. Tukaanza kuuza soda, biskuti, sabuni, na baadaye karanga. Duka lilikuwa karibu na mabweni, na lilifunguliwa hata usiku wakati wa kujisomea. Katika muda wa muhula mmoja mfuko wetu ukawa na fedha ya kutosha. Meza ya mzee, kwa upande wake, ikawa na karanga zilizolala siku tatu.

Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemwibia. Krismasi ilipokaribia, mmoja wetu alikumbuka kwamba hali ya mzee si nzuri, tukachanga kutoka katika faida ya duka tukamnunulia blanketi na kilo mbili za sukari. Tukaenda kwake watu wanne, tukamwamkia, tukamkabidhi. Alishukuru sana. Kisha akasema, "Walimu wangu, naomba kuuliza neno moja. Lile duka lenu hufunguliwa hata siku ya Jumapili?"

Hatukuelewa mara moja. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo tulipotambua kwamba mzee alikuwa akitafuta siku moja tu katika juma ambayo angeweza kuuza karanga zake. Tulikuwa tumempelekea blanketi lililonunuliwa kwa fedha ambayo nusu yake, huenda na zaidi, ilikuwa yake. Tulimpa kama zawadi kile tulichokuwa tumekichukua katika meza yake.

2. Jinsi Wamarekani walivyopima jambo hili

Miaka mingi baadaye tulipata habari kwamba shauri kama letu lilifika hata katika Bunge la Marekani, likatungiwa sheria. Twaieleza hapa kwa sababu inatusaidia kufikiri kwa makini.

Mwaka 1936, wakati wa shida kubwa ya kazi, nchi ile ilipitisha sheria iitwayo kwa majina ya wabunge wawili, Jennings Randolph wa West Virginia na Morris Sheppard wa Texas. Rais Franklin Roosevelt aliitia sahihi mwezi Juni mwaka ule. Sheria iliwaruhusu wasioona kuendesha vibanda vya biashara ndani ya majengo ya Serikali kuu, wauze magazeti, peremende na vitu vingine vya namna hiyo, wajipatie riziki kwa kazi yao wenyewe.

Baadaye zikaenea mashine za kuuzia. Kwa wasomaji ambao hawajaziona: ni kabati la chuma lenye kioo mbele. Mtu anatumbukiza sarafu, anabonyeza kitufe, na soda au biskuti inaanguka chini aichukue. Mashine haichoki, hailali, na haihitaji muuzaji. Ikiwekwa katika jengo lile lile lenye kibanda cha asiyeona, hufanya kama duka letu lilivyoifanya meza ya mzee. Na faida ya mashine nyingi ilikuwa ikiingia katika mifuko ya wafanyakazi wa majengo hayo, kwa ajili ya starehe na mahitaji yao. Nao pia walikuwa na nia njema.

Kwa hiyo mwaka 1974 sheria ilirekebishwa, na Randolph, ambaye wakati huo alikuwa seneta, alikuwa miongoni mwa walioisimamia. Mapato ya mashine, baada ya kutoa gharama za bidhaa na matengenezo, yakawekewa mafungu matatu:

(a) Mashine ikishindana waziwazi na kibanda cha asiyeona, mapato yote, asilimia 100, ni yake yeye mwenye kibanda.

(b) Mashine isiposhindana naye waziwazi, asilimia 50 ya mapato ni fungu la wasioona.

(c) Ikiwa mashine hiyo isiyoshindana iko mahali ambapo nusu au zaidi ya saa za kazi ziko nje ya saa za kawaida, fungu la wasioona ni asilimia 30.

Na kama katika eneo lile hakuna muuzaji asiyeona, fungu hilo hupelekwa kwa ofisi ya jimbo inayowasimamia, litumike kwa mambo kama malipo ya uzeeni, bima ya matibabu, na likizo za ugonjwa. Sheria ina mahali ilipoacha, kama mashine za maduka maalum ya jeshi, na zile zisizoshindana ambazo mapato yake hayafiki dola 3,000 kwa mwaka mahali pamoja. Lakini kanuni yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa fikirini habari ya wazima moto. Kambi na viwanja vya Serikali kuu ya Marekani vina vikosi vyao vya zimamoto, na watu wa vikosi hivyo kwa kawaida hukaa zamu ya saa 24. Wanalala pale, wanakula pale, na kengele ikilia usiku wa manane wanakwenda. Wao ndio wanaotumbukiza sarafu katika mashine ya kituo chao. Je, si haki faida iwanunulie kahawa, au iwafariji wenzao waliofiwa? Na mtu asiyeona ambaye hajawahi kukanyaga kituo kile, anadai nini?

Ndugu, tusijibu upesi. Wazima moto wana haki kweli. Hata kwetu, soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, watu walikimbia kutoka motoni, na askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji walikuwa wakiuendea. Mtu wa namna hiyo hatumnyimi kikombe cha kahawa. Lakini tazameni jinsi mafungu yale yalivyopimwa. Mahali pa kazi ya usiku, kama kituo cha wazima moto kilivyo, pakiingia katika fungu la tatu, basi katika kila dola 1,000 za faida, 300 zinakwenda kwa wasioona na 700 zinabaki. Kahawa haikwisha. Tena, sheria haikusema wazima moto wawahurumie wasioona. Ilisema kwamba katika faida ile limo fungu ambalo tangu mwanzo halikuwa la wazima moto.

3. Hukumu ya Daudi

Wazo hili Biblia inalo tangu zamani. Katika 1 Samweli 30 tunasoma kwamba Waamaleki waliuteketeza mji wa Siklagi na kuwachukua mateka wake za watu na watoto. Daudi aliwafuatia akiwa na watu 600. Walipofika kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka kabisa, hawakuweza kuvuka, wakabaki na mizigo. Watu 400 walikwenda, wakapigana, wakarudi na kila kitu pamoja na nyara nyingi.

Hapo yakatokea maneno. Baadhi ya wale 400, ambao Biblia inawaita wabaya, walikataa kuwapa wenzao nyara. Walikubali kila mtu arudishiwe mke wake na watoto wake, kisha aende zake. Daudi alikataa. Aliamua kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyebaki na mizigo yawe sawa, akaliweka neno hili kuwa sheria katika Israeli.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, Daudi aliwakumbusha kwamba nyara zile zimetoka kwa Bwana. Mtu anayeamini kwamba kila alicho nacho kimetoka jasho lake peke yake hawezi kugawana vizuri. Atatoa kidogo na kutaka ashukuriwe sana. Pili, wale 200 hawakuwa wavivu. Walitembea pamoja na wenzao mpaka nguvu zilipokwisha, na walipobaki walikuwa na kazi, maana mizigo isiyolindwa huibiwa. Vivyo hivyo, asiyeona anayeuza karanga langoni si ombaomba. Yuko kazini, mahali pale nguvu zake zinapomfikisha.

4. Masazo ya shamba

Katika Mambo ya Walawi 19 mwenye shamba anaamriwa asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuokota yaliyoanguka; hayo ni ya maskini na mgeni. Mistari michache baadaye, katika sura ile ile, tunakatazwa kumwekea kipofu kikwazo mbele yake. Maneno haya mawili yamekaa jirani, na twafundishwa kuyasoma pamoja. Kikwazo si jiwe la njiani tu. Duka letu lilikuwa kikwazo.

Tena tazameni kwamba mwenye shamba hakuamriwa avune yote, apure, kisha ampelekee maskini debe moja nyumbani. Aliamriwa aache mahali pa kuokota. Ruthu alikwenda mwenyewe katika shamba la Boazi, akaokota tangu asubuhi, akapura jioni kwa mkono wake, akarudi kwa mkwewe na efa ya shayiri. Boazi aliwaagiza vijana wake waangushe masuke kwa makusudi na wasimkemee. Alimsaidia bila kumwondolea kazi yake. Na Bwana wetu alipoitwa na Bartimayo kule Yeriko, ingawa kila mtu aliona kwamba ni kipofu, alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Sisi hatukumwuliza mzee wetu neno lo lote. Tulimpelekea blanketi.

5. Kwetu Njombe na Makambako

Labda msomaji atasema: hizo ni habari za Marekani na za Israeli, sisi tuna baridi yetu na viazi vyetu. Basi na tuje nyumbani.

Wasomaji wengi hawajui kwamba sisi nasi tuna sheria ya fungu. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa iliongezewa kifungu kinachozitaka halmashauri zote nchini zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Katika hiyo 10, sehemu 4 ni za vikundi vya wanawake, sehemu 4 za vijana, na sehemu 2 za watu wenye ulemavu. Kwa hesabu rahisi: halmashauri ikikusanya shilingi 1,000,000 za mapato hayo, shilingi 20,000 ni fungu la wenye ulemavu, nao wasioona wakiwamo.

Mapato ya ndani yanatoka wapi? Yanatoka kwetu. Yanatoka katika ushuru wa mazao yanayoshuka kutoka milimani, ushuru wa soko, leseni za maduka, na malipo ya stendi. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya kwenda Mbeya inakutana na ile ya kuja Njombe na kuendelea mpaka Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Kila siku malori ya mbao, viazi na parachichi yanapita. Kwa hiyo mkulima wa Njombe anapolipa ushuru, na mama mwenye kibanda Makambako anapolipia leseni yake, kila mmoja ametoa fungu kwa ndugu asiyeona, ajue au asijue.

Lakini tutofautishe. Fungu la kule Marekani ni mapato, likitolewa limetolewa. Fungu la kwetu ni mkopo. Hauna riba, lakini hurudishwa, ili mwingine naye akope. Anayeuchukua na kuula bila kurudisha amemnyang'anya asiyeona mwenzake aliye nyuma yake.

Na hapo ndipo matatizo yalipoingia. Mwaka 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii, baada ya kuonekana kwamba fedha nyingi hazikurejeshwa na kwamba vingine vya vikundi vilivyokopeshwa vilikuwa hewa, yaani majina matupu. Utaratibu ukatengenezwa upya, na mikopo ikarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/2025. Someni sasa Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakusema, "Ombeni, Mungu atawapa." Walilitaka kanisa lichague watu saba wenye sifa njema, wasimamie. Fungu lisilo na msimamizi mwaminifu na daftari lililo wazi huliwa na wenye macho.

Iko pia sheria ya mwaka 2010 ya watu wenye ulemavu, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awaajiri wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Nayo ni sheria ya fungu, fungu la kazi.

Kanisa letu lisijione geni katika jambo hili. Shule ya wasioona ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, kabla ya uhuru, wakati watu wengi walipodhani kwamba mtoto asiyeona hafundishiki. Wazee wetu waliamini kwamba anafundishika. Ikiwa tulimfundisha kusoma kwa vidole, tusimfungie soko anapokuwa mtu mzima.

6. Tufanye nini?

Twapendekeza mambo manne.

Kwanza, tangazo lililobandikwa ubaoni halimfikii asiyeona. Habari za mikopo zikitoka, zisomwe kwa sauti kanisani pamoja na matangazo ya ndoa. Kila jumuiya imchague mtu mmoja wa kumsindikiza ndugu asiyeona mpaka kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na kumsomea fomu neno kwa neno kabla hajaweka dole gumba.

Pili, kila kikundi cha parishi kinachotaka kufungua biashara, iwe ni mgahawa wa akina mama, friji ya soda ya vijana, au kibanda cha kwaya, kijiulize kwanza: ni nani anayeuza kitu hiki hapa tayari? Tukimkuta mwenye ulemavu, tuuze kitu kingine, au tununue kwake, au tumpe yeye kibanda akiendeshe.

Tatu, ikiwa biashara imekwisha kuanza na inamwumiza, tupime kama walivyopima wenzetu. Tukishindana naye waziwazi, faida ni yake. Tusiposhindana naye waziwazi, tugawane. Kiasi gani, na liamuliwe na baraza la parishi naye akiwapo, asije akaamuliwa akiwa nje.

Nne, kila fungu liandikwe katika daftari na kusomwa mbele ya watu.

Mzee wetu wa langoni amekwisha fariki. Duka letu liliendelea miaka kadhaa, likafungwa kwa sababu nyingine kabisa. Hatukumjibu kamwe swali lake, ingawa jibu lilikuwa jepesi na funguo zilikuwa mikononi mwetu. Deni lile hatuwezi tena kumlipa yeye. Lakini wapo wengine, stendi ya Makambako na sokoni Njombe, na huenda yupo mmoja nje ya uzio wa kanisa lako Jumapili hii. Huyo bado aweza kulipwa.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Wale 400 waliona wana haki kwa kuwa walihatarisha maisha yao. Hoja yao ilikosea wapi?

2. Mzima moto na muuzaji asiyeona wakiketi pamoja katika jumuiya yenu, kila mmoja angesema nini? Ninyi mngeamuaje?

3. Katika parishi yetu, ni mapato gani yanayopatikana kwa kumpunguzia mtu mnyonge wateja wake?

4. Mkopo usiorudishwa unamwumiza nani? Tajeni mtu, si ofisi.

5. Ni lini mara ya mwisho tulipomwuliza ndugu asiyeona anataka nini, tukangoja jibu lake?

Tuombe

Ee Bwana, kila tulicho nacho kimetoka mkononi mwako. Utuoneshe fungu la mwenzetu lililo ndani ya mfuko wetu, na utupe moyo wa kulitoa bila kungoja kushukuriwa. Uwalinde wanaokwenda motoni kwa ajili yetu, na uwabariki wanaofanya kazi wasipoona. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.